Mawele Kando ya Bwawa

Julai mwaka jana nililipwa nikang'oe mawele. Kwenye karatasi ya kazi niliandika "kusafisha ploti", lakini kazi yenyewe ndiyo ilikuwa hiyo. Ploti iko Kilifi, juu ya mkono wa bahari. Bwawa la kuogelea lilikuwa limeshachimbwa, na mwenyewe, mtu wa Nairobi, mpole tu, alikuwa amenitumia picha kumi na mbili kwenye simu. Zote za nyasi. Nyasi ndefu za rangi ya zambarau zenye mikia myororo, zimepangwa kando ya njia za mawe, jua linazama nyuma yake.

"Nataka hizi," akasema. "Ziwe zinacheza na upepo."

Mimi natengeneza bustani kati ya Mtwapa na Malindi, na miaka hii kila mtu anataka nyasi za mapambo. Bougainvillea imekuwa mambo ya kizee, ati. Nyasi ndizo zinazotoka vizuri kwenye picha. Nami sina ugomvi nazo: hazilii maji kama waridi, hazisusi kwenye mchanga wa matumbawe, na upepo wa kusi unaokausha majani ya mimea mingine ndio unaozipa uhai. Kwa hiyo nilikubali kazi, nikachukua malipo ya awali, nikaenda kuona ploti.

Pembeni, karibu na ua, palikuwa na mistari minne ya mawele. Aliyeyapanda ni mama wa umri wa kumwita hawe, yaani nyanya kwa Kigiriama. Amelima pale tangu enzi za feri, kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991. Karatasi hana. Mahindi alikuwa ameshaambiwa avune aondoke, akavuna. Mawele ndiyo yalikuwa hayajakomaa, yamebakisha kama wiki tatu. Hakuniomba nisiyang'oe. Aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, utaanzia upande gani?"

Nikamwambia nitaanzia upande wa pili.

Usiku ule sikulala vizuri. Huruma ilikuwepo, lakini kilichonikosesha usingizi zaidi ni kitu cha kitaalamu, kama naweza kukiita hivyo. Nilikuwa nimeombwa ning'oe nyasi ili nipande ndugu yake. Mawele na zile nyasi za kwenye picha ni ukoo mmoja. Kwa miaka mingi wataalamu wa mimea waliziweka jenasi moja, Pennisetum, na sasa wengi wao wamezihamishia zote kwenye Cenchrus. Simama mbele ya shuke la mawele kisha utazame mkia wa ile nyasi ya mapambo, utaona umbo ni lile lile: moja limejaza punje, jingine limejaza manyoya. Tena huko Marekani wameshamaliza hata hiyo tofauti. Kuna mawele ya rangi ya zambarau iliyokolea, yanaitwa Purple Majesty, ambayo mwaka 2003 yalipewa medali ya dhahabu kwenye mashindano ya mimea ya bustani kule kwao. Mawele! Watu wanayapanda kwenye vyungu mbele ya nyumba, ndege wakija kudonoa wanafurahi.

Ufundi huu nilifundishwa na tsawe, babu yangu mzaa baba. Alikuwa shamba boi Malindi. Najua neno hilo halipendezi, mtu wa miaka sitini kuitwa boi, lakini ndilo alilolitumia mwenyewe na sitamrekebisha akiwa kaburini. Alitunza bustani ya nyumba moja ya wageni karibu na bahari kwa zaidi ya miaka ishirini, na alikuwa na sheria zake.

Nyasi za kichaka, alisema, hukatwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa tatu, kaskazi likiwa limekaribia kufa na mvua ya masika haijafika. Unafunga kichaka chote kwa kamba katikati kama mzigo wa kuni, ndipo unapitisha panga chini ya kamba, ukiacha shibiri moja juu ya ardhi. Usipofunga utashinda siku nzima unaokota. Ukikata mapema mno, jua la Februari linaunguza shina. Ukichelewa, unakata majani mapya pamoja na ya zamani na kichaka kinabaki na vidonda mwaka mzima. Kichaka kikifika mwaka wa tatu au wa nne, katikati hufa, kinabaki kama kichwa chenye upara. Hapo unakichimbua chote, unakipasua kwa jembe vipande vinne, unatupa ule moyo mkavu, unapanda vile vya pembeni vyenye mizizi. Samadi kidogo sana. Nyasi ikinenepa hulala chini, haisimami tena, na mwenye nyumba atafikiri ni kosa lako. Naye atakuwa sahihi.

Kitu kimoja alichokichukia ni ndago. Unaweza kung'oa ndago asubuhi na jioni ukaikuta inakucheka. Ikishaingia katikati ya kichaka hakuna dawa ila kuchimbua kichaka kizima, kuosha mizizi kwenye ndoo, na kuokota vile vifundo kimoja kimoja. Nimewahi kutumia siku nzima kwa kichaka kimoja. Sikumtoza mteja siku nzima, maana nani angeniamini?

Mchaichai aliupanda pembezoni mwa njia, kwa sababu mizizi yake inashika mchanga na kwa sababu alitaka chai. Na uwanja wa mbele ulikuwa nyasi ya Pemba, ile yenye jani pana na nene, inayotambaa, inayovumilia kivuli na chumvi. Hii ni nyasi ya kwetu kabisa, ya mwambao wa Bahari ya Hindi. Pale kwenye jua kali ulitawala ukoka, ambao mbuzi wa Malindi waliujua kabla ya wageni kuugundua.

Nilipokuwa mdogo niliona kazi ile ni ya amani. Mzee, panga, nyasi, bahari. Baadaye nilianza kusoma historia ya pwani, kwanza kwa udadisi tu, na kila nilikogeuka nikakuta nyasi. Simaanishi za mapambo. Namaanisha mtama, mawele, mahindi, mpunga. Hizo zote ni nyasi, hilo tunalisahau kwa sababu tunazila.

Malindi yenyewe ilifufuliwa na nyasi. Mji ule mkongwe, aliofikia Vasco da Gama mwaka 1498, ulipofika katikati ya karne ya 19 ulikuwa magofu na vichaka. Kuanzia miaka ya 1860, chini ya Sultani Majid wa Unguja, watu walirudi na kufyeka, na muda si mrefu Malindi ikawa ghala. Mtama na ufuta vilijaa majahazi, vikapelekwa Unguja na Uarabuni. Ukisoma kitabu cha Frederick Cooper cha mwaka 1977 kuhusu utumwa wa mashambani pwani ya Afrika Mashariki, unaona jinsi ile mistari ya mtama ilivyolimwa: na watumwa, kwa makundi, kutoka asubuhi hadi jioni. Waliotoroka waliitwa watoro, wakakimbilia bara, wengine wakajenga Fuladoyo. Wakifika huko, walilima. Walilima nini? Nafaka ile ile. Nyasi iliyokuwa minyororo yao kwa bwana ikawa ndiyo inayowalisha wakiwa huru, na tofauti ilikuwa shamba ni la nani.

Wagiriama nao walilielewa hili vizuri kuliko mtu yeyote. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamevuka Sabaki, wakalima bonde la kaskazini lenye rutuba, wakawa na nafaka ya kula na ya kuuza. Na hapo ndipo penye kiini cha mambo, kwangu mimi. Serikali ya kikoloni ilitaka vibarua. Hadhi ya utumwa ilikuwa imefutwa kisheria mwaka 1907, na mashamba ya Wazungu ya mpira na pamba yalihitaji mikono. Lakini mtu mwenye ghala limejaa, utampa mshahara gani akuache umwamuru? Wagiriama walikataa kazi ya kuajiriwa kwa sababu hawakuihitaji. Cynthia Brantley, katika kitabu chake cha mwaka 1981, anaieleza hesabu ya Waingereza bila kupindapinda: watolewe kaskazini ya mto, wapungukiwe ardhi nzuri, watakuja wenyewe kutafuta kazi.

Mekatilili wa Menza aliwaambia watu wasikubali. Tunamjua Mekatilili, au tunadhani tunamjua, kwa sababu tulifanya mtihani wake. Mwaka 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali. Agosti 1914 Waingereza wakalipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikawaka, na nyumba za Wagiriama zikachomwa. Nyumba zenyewe zilikuwa za nyasi kutoka kileleni hadi chini, ukiiona kwenye picha za zamani utadhani ni kichuguu chenye manyoya. Nyumba ya namna ile haihitaji moto mkubwa. Baada ya hapo ikaja faini ya rupia 100,000, na amri ya kutoa vibarua 1,000, na amri ya kuhama kaskazini ya Sabaki. Miaka michache baadaye waliruhusiwa kurudi, kwa sababu hesabu ilikuwa imewashinda hata wenyewe Waingereza: waliofukuzwa walikuwa wanakufa njaa, na mtu mwenye njaa hafai hata kwa kibarua.

Kwenye ukanda wa pwani mambo yalifanywa kwa kalamu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye madai ya ardhi ajitokeze, ayasajili. Aliyekuwa na hati, au mtu wa kumwandikia, alipata. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji. Mmijikenda aliyelima mahali fulani kwa sababu babake alilima hapo hakuwa na cha kuonyesha isipokuwa shamba lenyewe, na shamba halikuwa ushahidi. Neno skwota likaanza hapo, na mpaka leo ukienda mkutano wowote wa chifu Kilifi utalisikia kabla chai haijaletwa.

Sasa weka bustani juu ya historia hiyo. Miaka ya 1930 hoteli za kwanza za wageni, Lawford's mojawapo, zikafunguliwa ufukweni Malindi. Walowezi wa bara wakashuka kuvua samaki na kupumzika, nao wakataka kile walichokizoea: uwanja wa nyasi uliokatwa sawasawa. Ukiutazama kwa utulivu, uwanja wa nyasi ni kitu cha ajabu. Ni shamba ambalo kazi yake ni kuonyesha kwamba mwenyewe hahitaji kula kutoka humo. Kisha miaka ya 1960 Waitaliano wakaja kwa sababu ya roketi, amini usiamini; mradi wao wa San Marco ulirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini karibu na Ngomeni mwaka 1967. Wahandisi wakawaambia rafiki zao, rafiki wakawaambia jamaa, na kufikia miaka ya 1980 Malindi ilikuwa na majumba ya kifahari, paa za makuti, kuta ndefu, na nyuma ya kila ukuta kuna mzee mmoja na panga lake.

Tsawe alikuwa mmoja wao. Wazee wake walilima upande wa kaskazini wa Sabaki. Yeye alikata nyasi isiyoliwa, kwa mshahara, kusini yake. Sidhani aliliona kama mkasa. Alisomesha watoto watano kwa kazi ile na alijivunia kingo zake zilizonyooka. Lakini nyumbani kwake, kwenye kipande kisichozidi robo ekari, alipanda mawele kila masika hata pale mahindi yalipokuwa rahisi na unga wa dukani rahisi zaidi. Nilimuuliza mara moja kwa nini anahangaika, maana ndege wanamaliza nusu. Akasema hiyo nusu nyingine ni yake.

Huwa naukumbuka mto ule kila ninapofungua mfereji wa mteja, kwa sababu sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Malindi na Kilifi hutoka visima vya Baricho, ukingoni mwa Sabaki hiyo hiyo. Yanapita kwenye mabomba, yanafika bustanini, yanamwagwa kwenye nyasi. Ganze, ambako watu wangu wengine wanaishi, kiangazi kikiingia utaona mitungi ya njano imepanga foleni tangu alfajiri. Kwa hiyo nikiweza kumshawishi mteja aache uwanja mpana wa nyasi wa kumwagiliwa kila siku, aweke nyasi za vichaka zinazovumilia, najiona nimefanya kitu. Kitu kidogo. Nafunika udongo kwa makuti makavu yaliyokatwakatwa, namwagilia kwa miezi mitatu ya kwanza tu, jioni, halafu naziacha zijitegemee.

Ila kuna moja lazima nilitaje, maana wateja hawapendi kulisikia. Zile nyasi za picha zina dada yake wa kijani, na huyu wa kijani hana adabu. Asili yake ni huku kwetu, Afrika Mashariki na Kaskazini hadi Uarabuni. Alipelekwa Hawaii kama pambo mwanzoni mwa karne ya 20, akaruka ukuta wa bustani, akaenea kwenye miamba ya volkano na kuleta moto mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuungua. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ukamweka kwenye orodha ya mimea vamizi isiyoruhusiwa kuuzwa. Na ule mji wa Lahaina, Hawaii, ulioteketea Agosti 2023, watu wapatao 100 wakafa, nyasi zilizoubeba ule moto zilikuwa za Kiafrika nyingi tu, ikiwemo ile ndefu inayoota yenyewe kandokando ya barabara ya Malindi na ambayo sisi tunaikatia ng'ombe. Hapa kwetu ng'ombe anaila, mbuzi anaila, mchwa anaila. Huko ilifika peke yake, bila wanaoila. Mimi hupanda ile ya zambarau tu, ambayo mbegu zake karibu zote hazioti, na naiongeza kwa kupasua vichaka.

Turudi Kilifi. Nilianza upande wa pili kama nilivyosema. Nikachelewesha kwa makusudi: mara mawe hayajafika, mara kijana wangu anaumwa. Wiki ya nne mwenyewe akaja kwa wikendi na marafiki. Mawele yalikuwa yamesimama kando ya bwawa, marefu kumpita mtu, mashuke yameiva, jua la saa kumi na mbili linapenya katikati. Wote wakapiga picha hapo. Nyasi zangu za bei, zilizopandwa siku kumi nyuma, zilikuwa bado fupi kama nywele za kuruta.

"Na hizi ni aina gani?" akaniuliza. "Hizi ndizo nzuri. Ziongezwe."

Ningeweza kumwambia. Nilifungua mdomo nikamwambia. Lakini nilichomwambia ni kwamba hizi ni za msimu, lazima zipandwe upya kila masika kwa mbegu maalumu, na mikia lazima ikatwe ikishakauka, la sivyo kichaka kinaharibika, na kuna mama mmoja anayejua kuzitunza. Yote kweli. Kwenye karatasi nikaandika: nyasi za mapambo za msimu, mashina 60, kwa bei ile ile ninayotoza zile za zambarau. Alilipa siku hiyo hiyo.

Hawe alivuna kwa siku mbili, akiingia kwa lango la mbele, askari akimfungulia. Mashuke aliondoka nayo kwenye magunia. Pesa za mashina nikamtumia kwa simu, pamoja na za siku mbili za kukata.

Nilijisifu njia nzima hadi nyumbani. Kisha, nilipokuwa naosha panga, nikamwona tsawe na kamba yake, na nikaelewa nimefanya nini pia. Mama aliyekuwa na shamba sasa ana kibarua, kwenye udongo ule ule, na aliyempa kibarua ni mimi.

Jioni akanipigia simu. Alikuwa amesomewa ujumbe na mjukuu wake.

"Hizi pesa ni za mawele," akauliza, "au ni za kazi?"

Nikamwambia ni za vyote viwili, na mawele yenyewe ni yake, ale au auze.

Akanyamaza. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtoto akisoma kwa sauti. Kisha akaniambia amebakisha mbegu kwenye mkebe, ameitia majivu isiliwe na wadudu, akauliza mwezi wa nne atapanda upande gani wa bwawa.